Mkataba usomeke kwa lugha ya anayeutia sahihi

Mwaka 2021 jirani yetu Burundi ilikubaliana na Saudia kupeleka huko wafanyakazi wa nyumbani. Sababu naielewa: nchi ni ndogo, mashamba hayatoshi, na fedha za kigeni zimeadimika hadi watu wanapanga foleni ya mafuta Bujumbura. Pesa anayotuma binti aliye Riyadh hulipa karo za wadogo zake. Sipingi safari hiyo.

Ninachodai ni kimoja: mkataba usomeke kwa lugha ya anayeutia sahihi. Mfumo wa kafala humfunga mfanyakazi kwa mwajiri wake, na mageuzi ya Saudia ya Machi 2021 hayakuwagusa wafanyakazi wa nyumbani. Asipojua karatasi yake inasemaje kuhusu saa za kazi, siku ya mapumziko na pasipoti, atajiteteaje?

Wa Bukavu tusiseme hayatuhusu. Vijana wetu nao wanatafuta kazi ng'ambo ya Ruzizi na mbali zaidi. Kila mwaka tunaandika tasnifu juu ya ngeli. Mmoja wetu na aandike juu ya kutafsiri mkataba wa kazi kwa Kirundi, Kiswahili au Mashi.