USHIRIKA BILA MWENYE INCHI SI USHIRIKA

Wanainchi wa Kasongo na wa Kabambare,

Siku hizi neno moja linapita katika midomo ya wakubwa wote: ushirika wa serkali na watu wenye mali. Wanasema hazina ya serkali haitoshi kujenga barabara, madaraja na umeme. Basi na waje wenye mali, watie feza yao, wajenge, kisha wajilipe kidogo kidogo kwa faida ya miaka mingi. Tarehe 9 Julai 2018 inchi yetu ilipata hata sheria ya kazi hiyo.

Sisi hatulipingi neno hilo. Mtu anayesukuma baisikeli yenye magunia ya mchele toka Kabambare mpaka Kasongo wakati wa mvua hatakataa barabara kwa sababu imejengwa na feza ya mgeni. Lakini tunauliza ulizo moja tu: katika ushirika huo, washirika ni wawili ama watatu?

Tunauliza kwa sababu neno ni jipya, bali kitendo ni cha zamani. Mwaka 1902 serkali ya Leopold, mfalme wa Wabelgiji, ilipatana na Baron Empain, na kompani ya reli iitwayo CFL ikazaliwa. Kompani ilileta feza na mainjinia. Serkali iliwahakikishia faida ya feza yao, ikawapa ardhi kubwa pamoja na haki ya madini. Mwaka 1911 reli ya Kindu mpaka Kongolo, kilometa 355, ikafunguliwa. Reli ni kitu cha maana, hatukatai. Lakini ardhi ilikuwa ya nani? Mikono iliyofanya kazi ilikuwa ya nani? Babu zetu hawakuulizwa neno. Washirika wawili walikaa mezani; wa tatu alibeba mzigo.

Wengine watasema: hayo ni mambo ya ukoloni, na sisi tulipata uhuru tarehe 30 Juni 1960. Vema. Tuangalie basi Namoya, huko Salamabila, katika teritwari ya Kabambare, ambako bendera inayopepea ni yetu wenyewe.

Mwaka 1997 serkali ya Zaire ilipatana na Banro, kompani ya Kanada, juu ya madini ya Kivu na Maniema. Katika kompani mpya, SAKIMA, Banro ilichukua sehemu 93 kwa mia, serkali ikabaki na 7. Mwaka 1998 serkali ya Laurent-Désiré Kabila ikavunja mapatano hayo, na kesi ikatokea. Mwaka 2002 wakapatana tena: SAKIMA ikarudi kwa serkali, na Banro ikapata zahabu ya Namoya na ya mahali pengine patatu, mia kwa mia. Tena ilipewa ahadi ya miaka 10 bila kodi, tangu kazi ya biashara ianze. Kazi hiyo ilitangazwa Namoya Januari 2016.

Ni nani katika Salamabila aliyesomewa mapatano hayo kwa lugha yake? Wachimbaji wa mikono waliokula kwa mlima ule waliona mlima umekuwa wa mwingine. Ugomvi ukaja, bunduki zikaja, wafanyakazi wakatekwa, na mwaka 2019 kompani ikasimamisha kazi.

Hatusifu bunduki hata kidogo. Anayeteka mfanyakazi anateka mshahara wa mama na masomo ya mtoto. Lakini tunawaambia wenye mali: mlinzi aliye bora si askari getini, ni jirani anayejua faida yake. Mkosapo jirani huyo, feza yenu nayo iko hatarini.

Angalieni ng'ambo ya Tanganyika. Mwaka 2020 serkali ya Tanzania ilitia sahihi mapatano na Barrick: ilipata sehemu 16 kwa mia katika machimbo yake, na faida ya kazi ikatakiwa kugawanywa nusu kwa nusu. Tusiseme majirani wetu wamemaliza taabu zote. Tunasema tu kwamba mapatano yanaweza kurudishwa mezani, na kompani isikimbie.

Na sisi hatukosi sheria. Sheria ya madini ilivyogeuzwa mwaka 2018 inasema 15 kwa mia ya ushuru wa madini ni ya sekta, shefferi au mji ambako machimbo yapo. Inasema tena kompani itoe si chini ya 0.3 kwa mia ya mauzo yake kwa maendeleo ya wenyeji. Maneno haya ni mazuri. Lakini haki isiyojulikana na mwenyewe ni haki ya mwingine.

Kwa hiyo tunadai mambo manne. Kwanza, kila mapatano juu ya barabara, umeme au madini ya kwetu yasomwe kwa Kiswahili, Kasongo na Kabambare, mbele ya wasultani, wanawake wa soko, wachimbaji na vijana, kabla ya sahihi. Pili, kazi itajwe kwa kipimo: kilometa ngapi, madaraja mangapi, mwaka gani, na adhabu gani kama haikufanyika. Tatu, asiyelipa kodi leo aandikiwe siku ya kuanza kulipa, na siku hiyo ijulikane na wote. Nne, feza ya 15 kwa mia na ya 0.3 kwa mia ibandikwe ukutani pa ofisi ya teritwari kila mwaka: imeingia ngapi, imefanya nini.

Wazee walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hatumfukuzi mgeni. Tunamtaka alime pamoja nasi, na wakati wa mavuno tuhesabu magunia sote tukiwa tumesimama shambani.

Wanainchi, msingoje waje kuwaita. Ulizeni katika mikutano, ulizeni wabunge wenu wanapokuja kuomba kura: mapatano yako wapi? Tulipata bendera kwa kuuliza. Na barabara tutaipata kwa kuuliza.