Cheti cha fundi kipime kazi ya mikono

Dispensari ya Zamani, iliyopo Malindi katika barabara ya Mizingani, Unguja, ilifanyiwa ukarabati mkubwa miaka ya 1990 chini ya Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni. Majengo ya aina hiyo huhitaji mafundi wa chokaa, boriti na nakshi za mbao, ujuzi ambao wengi huupata kazini, kwa mwanagenzi kumfuata fundi wake.

Ujuzi huo una thamani ya pekee. Ukuta wa mawe ya matumbawe ukipigwa lipu ya saruji, unyevu hunasa ndani na ukuta hudhoofika. Kwa Mji Mkongwe, uliomo katika Orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, fundi anayeijua chokaa ni sehemu ya hifadhi yenyewe. Kuanguka kwa sehemu ya jengo la Beit el Ajaib tarehe 25 Disemba 2020 kulionesha uzito wa suala hilo.

Hata hivyo, fundi asiye na cheti hupata ugumu kuthibitisha uwezo wake mbele ya mkandarasi, na mtihani wa kuandika pekee hauwezi kumpima. Ipo haja kwa Mamlaka ya Mafunzo ya Amali na Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe kushirikiana ili fundi apimwe ukutani: achanganye chokaa, apige lipu, abadilishe boriti, mbele ya mkufunzi na fundi mkongwe.

Upimaji huo usilegezwe, kwani cheti kisichopima kazi hakimsaidii fundi wala jengo.