Nafuu ya Nani? Tozo ya Nyumba na Lugha ya Maoni ya Umma

Kifungu cha 43 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinampa kila mtu haki ya makao yanayofikika na yanayotosheleza. Basi tusibishane iwapo serikali inapaswa kugharimia nyumba. Tuulize ni nani aliyeombwa maoni, na kwa lugha ipi.

Sheria ya Fedha ya mwaka 2023 ilimkata mwajiriwa asilimia 1.5 ya mshahara ghafi, na mwajiri akatakiwa kutoa kiasi icho hicho. Mnamo Novemba 2023, Mahakama Kuu iliiharamisha tozo hiyo, sababu mojawapo ikiwa kwamba ilimwelemea mwajiriwa wa sekta rasmi pekee. Bunge likaandaa mswada mpya, kamati zake zikazuru kaunti kukusanya maoni, na Machi 2024 Rais akautia sahihi. Safari hii hata wasio na mshahara walijumuishwa.

Mswada huo uliandikwa kwa Kiingereza, ilhali Kifungu cha 7 kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Muuza mboga aliyetarajiwa kulipa hakuwekewa maandishi ya kusoma katika lugha anayouzia mboga zake. Yamkini wapo watakaosema kwamba vikaoni alifafanuliwa kwa Kiswahili. Ni sawa, lakini ufafanuzi wa mdomo huchagua la kusema na la kuacha. Msomaji hafichwi kifungu.

Chukua neno 'nafuu'. Nafuu huhitaji mlinganisho: kuliko nini, na kwa nani? Sheria yenyewe inatenga nyumba za jamii kwa wenye kipato kisichofika shilingi 20,000 kwa mwezi, na za bei nafuu kwa wenye kipato cha kati ya 20,000 na 149,000. Wa 21,000 na wa 149,000 wamewekwa chini ya neno moja, ingawa hawana nafuu moja. Mwananchi angelisoma hilo kwa lugha yake, pengine maoni yake yangekuwa mengine: ya kuunga mkono au ya kupinga, lakini yake.

Napendekeza kila mswada unaomtoza mwananchi uchapishwe kwa Kiswahili pia kabla ya kuombewa maoni, na idara zetu za Kiswahili zijitolee kufasiri na kusanifisha istilahi. Tusingoje kualikwa. Kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali akaingia.