"Jikaze Kiume": Nahau Iliyo Mgonjwa

Wahenga walinena kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Ajabu ni kuwa methali hii tunaifundisha darasani, kisha tukitoka nje tunamwambia mwanamume anayetetemeka kwa homa, "Jikaze kiume!"

Nilikulia katika mashamba ya chai baina ya Kericho na Bomet. Kwa jadi ya Wakipsigis, kijana aliye jandoni hutarajiwa kukabili kisu bila kupepesa jicho. Ujasiri huo una mahali pake, nami siubezi. Taabu huanza unapohamishwa kutoka jandoni hadi kitandani. Baba yangu mdogo alikuwa mchuma chai, na ujira wake ulipimwa kwa kilo. Alitetemeka siku tatu akishikilia kuwa ni mafua tu. Nilipomsihi aende zahanati, hakuutaja ujira. Alisema, "Mwanangu, wenzangu wataniita mwanamke." Kumbe ilikuwa malaria, ugonjwa uliowalaza wafanyakazi wengi wa mashamba ya Kericho katika miaka ya 1990. Alipona, ila kwa tundu la sindano.

Upo pia mzaha wa kinyume: kwamba mwanamume akishikwa na mafua hugeuka mtoto mchanga. Waingereza wameupa mzaha huo jina, nalo limeingia katika kamusi zao. Mnamo 2017, daktari Kyle Sue wa Kanada aliandika katika jarida la *British Medical Journal*, nusu kwa utani, kwamba huenda wanaume hawatii chumvi. Pengine miili yao hukabili virusi kwa udhaifu zaidi.

Basi mwanamume afanyeje? Akinyamaza ni shujaa, akisema ni mtoto. Na mwanamke je? Jina lake limefanywa tusi, ilhali akichuma chai akiwa na homa hakuna amwitaye jasiri.

Sisi wanafasihi tuna sehemu yetu ya lawama. Tunamsifu Fumo Liyongo aliyechomwa kitovuni, akapiga goti kisimani na upinde wake, akafa katika mkao wa vita. Lakini tunasahau kwamba watu walimdhania yu hai, wakaogopa kusogea, wakakosa maji. Kimya cha shujaa kiliwatia kiu walio hai.

Wanachama wenzangu, tuihakiki nahau hii kama tuhakikivyo utenzi. Mgonjwa ni mgonjwa. Homa haina ngeli ya kiume.