Maumivu ya Bega na Dawa za Kutuliza Uvimbe



Maumivu ya bega huanza kama jambo dogo. Mama hushindwa kukuna nazi, kisha hushindwa kujifunga ushungi, na mwishowe hata kuinua mikono kwa takbira humtia uchungu. Hapo mtoto hutumwa duka la dawa akalete vidonge, au jirani hutoa vilivyobaki nyumbani kwake. Wiki hii twapenda tutahadharishane, kwani dawa hizi ni neema kwa ajuaye kuzitumia na madhara kwa asiyejua.

Dawa za kutuliza uvimbe, kama vile aibuprofeni na diklofenaki, huuzuia mwili kutengeneza kemikali zinazoleta uvimbe na maumivu. Lakini kemikali hizo hizo ndizo zinazolinda utando wa tumbo na kusaidia damu kufika kwenye figo. Ndiyo sababu mwenye kuzimeza mfululizo huweza kupata vidonda vya tumbo, figo zake zikadhoofika na shinikizo la damu likapanda.

Basi na zimezwe baada ya chakula, kwa kipimo kidogo kinachotosha na kwa siku chache. Mtu mzima anayejinunulia aibuprofeni bila ya cheti cha daktari asizidishe miligramu 1,200 kwa siku. Wala asiichanganye na diklofenaki. Majina ni mawili, ukoo ni mmoja. Mwenye vidonda vya tumbo, pumu, maradhi ya figo au ya moyo, au anayetumia dawa za presha, amwulize daktari kwanza. Mja mzito asizitumie bila ya idhini ya daktari, hasa kuanzia wiki ya 20, kwani zaweza kudhuru figo za mtoto aliye tumboni. Katika Ramadhani, zimezwe baada ya futari au daku, pamoja na maji ya kutosha.

Tukumbuke pia kwamba kidonge hutuliza uchungu tu. Bega lililokakamaa huwapata zaidi wenye umri wa miaka 40 hadi 60, wanawake kuliko wanaume, na hasa wenye kisukari. Huyo ahitaji kupimwa sukari na kufunzwa mazoezi ya taratibu, si kuongezewa vidonge.

Anayetapika damu au kupata choo cheusi kama lami aziache dawa hizo na afikishwe hospitali mara moja. Vivyo hivyo maumivu ya bega yanayoandamana na kifua kubana, jasho na kukosa pumzi: huenda ni moyo, wala si bega.

Mama zetu wamezoea kusubiri, na subira ina malipo yake. Lakini Mtume wetu (s.a.w.) alituhimiza kutafuta tiba, na mwili ni amana. Tuitunze amana hiyo kwa elimu. Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu wote. Amin.