Nyapara wa vifaranga

Ukipita Tononoka saa kumi na moja alfajiri, wakati muuza kahawa ndiyo kwanza anapuliza makaa, utamkuta jirani yangu mmoja amesimama kando ya barabara akingoja matatu ya kumvusha Daraja la Nyali. Amebeba mfuko wa nailoni wenye viatu vya mpira na chupa ya chai. Wageni wa mtaa hudhani ni mvuvi. Wapi! Bwana huyu bahari haimhusu. Yeye husimamia kituo cha kutotolesha vifaranga vya samaki huko upande wa Kisauni, na ana wafanyakazi saba chini yake. Vijana wa mtaani wamempa jina la Nyapara, naye hulichukia jina hilo kama anavyochukia kuchelewa.

Nilimuuliza siku moja, "Ami, samaki wana haraka gani hata uwahi hivi?"

Akacheka. "Mwanangu, samaki hawafi mchana."

Basi nikapanda naye matatu, msomaji wangu, nikajionee.

Kabla ya kumwamkia mtu yeyote, hukagua madimbwi. Mchana, mimea midogo sana inayoyapa maji rangi ya kijani hutoa oksijeni, lakini usiku mimea hiyo hiyo huivuta pamoja na samaki. Kwa hiyo karibu na mapambazuko ndipo oksijeni inapokuwa chini kabisa. Samaki wakionekana wamepanda juu, midomo wazi, wakihema, jua kuna hatari. Akitoka hapo husoma daftari la zamu ya usiku, kisha ndipo hunywa chai.

Sisi Wamombasa hatupaswi kuiona kazi hii kuwa ngeni. Pale Bamburi, ambako kiwanda cha simiti kilianza kazi mwaka wa 1954 na kuacha mashimo ya mawe meupe yasiyoota kitu, Mswisi René Haller alianza kupanda mivinje mwaka wa 1971. Pamoja na miti akafuga ngege katika matangi, na baadaye mamba. Mwaka wa 1982 yeye na John Balarin waliandika kuhusu ufugaji wa ngege katika matangi, na wataalamu wa nchi za mbali wakausoma. Watoto wetu hupelekwa Haller Park kumtazama twiga, wakarudi bila kuambiwa habari za ngege hao.

Turudi kwa ami. Asubuhi niliyokwenda ilikuwa ya kukusanya mayai, kazi inayofanywa kila baada ya wiki moja hivi. Ngege jike huyaatamia mayai yake mdomoni. Vijana wawili waliingia majini hadi kiunoni wakavuta kimia polepole, na kando wakakaa kina mama wawili wenye mabeseni. Hushika samaki, humfungua mdomo kwa kidole, na mayai ya rangi ya kiini cha yai la kuku humwagika ndani ya maji. Mayai hutiwa katika vyombo ambamo maji hupanda kutoka chini, ili yaendelee kubingirika kama yalivyokuwa yakibingirika mdomoni mwa mama yao. Yakitulia, huoza. Kijana mmoja alimbana samaki kwa pupa. Ami hakupaza sauti. Alimwondoa akamweka kwenye kamba ya kimia, akaingia majini mwenyewe.

Maji nayo ni kisa kizima. Ya bomba yana klorini, ambayo huua vifaranga, kwa hiyo lazima kwanza yaachwe wazi katika tangi na kupulizwa hewa. Ya kisima yana chumvi, ingawa ngege huvumilia chumvi kiasi. Na bomba lenyewe, mwenyeji wa kisiwa hiki hahitaji kuelezwa.

Kuna chakula kimoja ambacho ufunguo wa kabati lake hukaa mfukoni mwa ami. Ngege wa kike na wa kiume wakikaa pamoja huzaana mapema mno, dimbwi likajaa visamaki visivyokua. Kwa hiyo vifaranga wakiwa wadogo kabisa hulishwa chakula chenye homoni ya kiume kwa muda wa siku 21 hadi 28, na karibu wote huwa madume. Mama wa nyumbani ataniuliza: je, sisi tunaokula? Homoni hiyo humtoka samaki baada ya siku chache, naye hubaki miezi kadhaa majini kabla ya kufika sokoni. Anayestahili kujihadhari ni anayeichanganya. Ndiyo maana huko glavu na kitambaa cha pua ni lazima, na mama mja mzito haruhusiwi kukikaribia chumba hicho. Nilimwona kijana akilalamika joto la glavu. Ami alimwambia avue akitaka, lakini akivua aende nyumbani.

Halafu kuna hesabu. Mkulima atokaye Taita au Kilifi hununua vifaranga elfu moja ndani ya mfuko wenye maji kidogo na oksijeni nyingi. Hawezi kuwahesabu. Wala hawezi kujua kama kweli ni madume, hadi miezi ipite na chakula kimeliwa. Serikali ilipoanzisha mpango wake wa kuchimba madimbwi mwaka wa 2009, madimbwi 200 katika kila mojawapo ya maeneo bunge 140, vifaranga wakawa adimu na baadhi ya wakulima wakauziwa hafifu. Ami huhesabu chujio moja mbele ya mnunuzi, kisha huongeza kidogo juu ya hesabu kwa ajili ya watakaokufa njiani.

Tulipokaa kunywa chai ndipo aliponisimulia jambo ambalo nilikuwa nimelisikia mtaani nusunusu.

Usiku mmoja, miaka miwili iliyopita, stima ilipotea. Pampu za hewa zikanyamaza. Katika matangi yaliyosongamana vifaranga hakuna muda wa kungoja. Jenereta sharti iwake papo hapo. Kijana wa zamu aliiwasha, ikanguruma kidogo ikazima. Dizeli imekwisha. Akachukua ndoo, akawa anachota maji na kuyamwaga kutoka juu ili yapate hewa, tangi hili, tangi lile, peke yake gizani. Kulipokucha, matangi matatu kati ya matano yalikuwa meupe juu.

"Nilipofika," ami akasema, "nilimfukuza pale pale. Sikumuuliza hata jina la mamake."

Kijana aliondoka bila kujibu, nguo zimerowa. Ami akaketi kumwandikia mwenye kituo ripoti, na kwa kuwa ripoti hutaka saa na tarehe, akafungua daftari la zamu. Siku nne nyuma, kwa mwandiko wa kijana yule: dizeli imebaki kidogo. Siku mbili nyuma: dizeli karibu kwisha, tafadhali. Chini ya mistari yote miwili ilikuwepo sahihi ya ami mwenyewe. Alikuwa ametia sahihi bila kusoma, kwa sababu wiki hiyo kulikuwa na wanunuzi wengi. Akatazama orodha ya zamu. Kijana alikuwa katika usiku wa tano mfululizo, maana mwenzake alifiwa na ami hakutafuta wa kumpokea.

Ripoti ilikuwa bado haijapelekwa. Angeweza kuichana karatasi moja tu ya daftari. Aliniambia kwamba aliishika kati ya vidole, na kwamba ada ya shule ya bintiye ilikuwa inadaiwa wiki ile.

Aliandika yote. Mwenye kituo alimkata mshahara miezi mitatu na kumwambia kuwa mtu wa umri wake alitarajiwa kuwa na akili zaidi. Nyumbani, mama watoto alimuuliza kama kijana huyo ndiye atakayewalisha. Kumrudisha kijana nako kulimchukua Jumapili mbili kwenda kwao Likoni. Mara ya kwanza mama mzazi alisema hayupo, na ami alikuwa amekwisha kuviona viatu vyake mlangoni.

"Alikubali vipi?" nikauliza.

"Alitaka orodha ya zamu iandikwe ukutani, isiwe kichwani mwangu. Na yeyote aandikaye jambo katika daftari ajibiwe kwa maandishi."

Nilipewa daftari la sasa nilitazame. Limejaa madoa ya maji. Ukurasa wa usiku uliopita ulikuwa na mwandiko ule ule: pampu ya tangi la pili ina kelele. Chini yake, kwa wino mwingine: nimesikia, fundi anakuja saa tatu.

Saa tatu kasorobo fundi alikuwa hajafika, na ami alikuwa ameinuka kwenda kumpigia simu.