Makala Bila Moshi: Tupige Hesabu

Wengi kati yetu husema: "Makala yakiisha kuwa mekundu, moshi hakuna, hatari hakuna." Sisi tunasema: tupige hesabu kwanza.

Makala ni kaboni karibu yote. Kilo 12 za kaboni, ili ziungue vizuri, zinataka kilo 32 za oksijeni, na zinazaa kilo 44 za gazi. Hakuna kinachopotea: 12 na 32 ni 44. Basi kilo 1 ya kaboni inakula oksijeni zaidi ya kilo 2 na nusu.

Sasa tazama chumba cha Butembo: mita 3 kwa 3, kwenda juu mita 2 na nusu. Kule milimani hewa ni nyepesi kuliko ya Beni. Mita moja ya ujazo ina uzito wa karibu kilo 1. Chumba kizima kina hewa kilo 22 hivi, na ndani yake oksijeni ni kilo 5 tu. Baridi ya usiku imekufanya ufunge mlango na dirisha, mbabula iko katikati. Watoto watapumua nini?

Tena, kifo hakingoji oksijeni iishe. Hewa ikipungua, kilo 12 za kaboni zinachukua oksijeni kilo 16 tu, na zinazaa kilo 28 za gazi nyingine: kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu. Sehemu 1 katika sehemu 1000 za hewa yaweza kuua kwa masaa machache. Kwa chumba chetu, kaboni isiyofika gramu 10 inatosha. Asubuhi wengine watatafuta mchawi, kumbe mchawi alilala ndani ya mbabula.

Katika shimo la dhahabu ni vilevile. Motere ya esanse inatoa gazi hiyo hiyo. Kwa hiyo motopompe isishuke shimoni hata siku moja. Mpira usipofika majini, itumiwe pompe ya umeme, na jenereta ibaki nje, mbali na mdomo wa shimo. Mkubwa wa kazi anayesema ni bei kali, ahesabu pia bei ya mtu.

Kichwa kikiuma, ukisikia kizunguzungu, miguu ikilegea, toka upesi. Mwenzako akianguka shimoni, ita watu, peleka hewa chini kwanza. Usimfuate mbio, mkawa wawili.

Mbabula nje, motere nje!